Mguu wa nne wa redio

Faida, dada yangu, msomee Bibi. Maharagwe iko motoni, yasiungue.

Asubuhi Bibi alilia. Eti akishusha sauti ya redio ili Babu alale, hasikii tena ngoma, basi masikio yake yamekufa. Hapana! Jana mjomba Lukumani alibadilisha potensiometa, kile kifungo cha sauti. Cha zamani kilikuwa na miguu minne. Ule wa nne ndio ulioshika ngoma zisipotee sauti ikishushwa. Hiki kipya kiko na mitatu tu. Naenda Kasongo kutafuta cha minne.

~~Musifungue redio.~~ Mufungue, kwa sauti kubwa, hapo ngoma zitasikika. Babu atavumilia.

Bibi, masikio yako mazima: jana ulinisikia toka uani nikifunua sufuria ya samaki.

Mjukuu wako, yaani mume wako wa pili