Dada, Nimelitaja Jina Lako Kwenye Baraza la Kata

Mpendwa dada,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kukaa miezi yote hii bila kukuandikia. Mtoto mchanga hanipi nafasi, nikishika kalamu naye kaamka. Lakini nisikudanganye, sababu si mtoto tu. Nilikuwa nasubiri hasira zipungue ili niandike kwa adabu. Hazikupungua, basi nimeandika hivi hivi. Bahasha sikuibandika, na nakala nimempa katibu wa Baraza la Kata hapa Pongwe. Anayetaka kuisoma aisome.

Unakumbuka miaka ile ya foleni, mama yetu kishafariki? Sabuni haipatikani, wewe unaponda majani ya mpapai unanifulia sare. Ikabaki na kijani begani, wenzangu wakanicheka, nikarudi nalia. Ukaniambia, "Waache wacheke. Kesho unakwenda tena." Nikaenda. Nimemaliza la saba kwa mikono yako, hilo sikatai hata mbele ya hakimu.

Ndiyo maana ulipokuja ukasema, "Nipe Saumu nikae naye Raskazone, shule za Tanga mjini nzuri," sikuuliza mara mbili. Ningempa nani mwanangu kama si wewe? Mwalimu mkuu akaandika barua ya uhamisho, nikakukabidhi pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto wa miaka minane, kafungasha madaftari yake mwenyewe.

Miezi minne ikapita, mgambo akaja kunichukua mimi. Nikaenda hivyo hivyo, mtoto yuko kwenye titi. Mratibu wa elimu akanisomea sheria: mtoto aliyeandikishwa shule lazima asome, la sivyo mzazi anashtakiwa. Nikamwambia wangu anasoma mjini, yuko kwa dada yangu. Akasema, "Mama, hakuna shule mjini iliyompokea. Tumeuliza zote." Nilijiona mjinga, dada. Mie nilidhani kumkabidhi kwako ni sawa na kumkabidhi kwa mwalimu.

Siku ile ile nikaja kwako. Mitumba umeitandaza mpaka kwenye ngazi, siku hizi ruksa, kila mtu anauza. Nikazungukia uani. Saumu kasimama juu ya kreti la soda, anapiga suruali za wanaume pasi ya mkaa ili zionekane daraja la kwanza.

"Shikamoo mama," akasema, macho hayatoki kwenye suruali.

"Saumu, njoo."

"Ngoja kidogo mama, nikiiacha itaungua."

Mkononi, chini ya kiwiko, ncha ya pasi imejichora, kidonda bado kibichi, umekipaka dawa ya meno.

Nawe ukasema nini? "Kaungua kidogo tu, mbona sisi tuliungua tukapona? Tena huyu si mfanyakazi, anamsaidia mama yake mkubwa." Mteja wako mmoja akadakia, "Fundi huyo, usimwondoe!" Mkacheka. Nikamshika mwanangu mkono, ukanifuata mpaka njiani unaniambia sheria haiingii kati ya ndugu.

Imeingia, dada. Nilimrudia mratibu nikamwomba anisomee tena, polepole. Nikasikia vizuri: mzazi, au yeyote anayekaa na mtoto. Nikamwambia, "Andika." Nikataja jina lako na la baba yetu, na uliposikia unatafutwa ukakimbilia Dar es Salaam, nikarudi kutaja na mtaa. Kisha nikamkunja Saumu mkono wa gauni, wakaona. Habari ya kumtumikisha mtoto ikaandikwa karatasi ya pili, hiyo inakwenda mahakamani.

Shangazi kaja mara tatu kunibembeleza. "Utamfunga aliyekulea?" Nikamjibu, "Shangazi, aliyenilea alinipeleka shule. Huyu wa Raskazone simjui." Nataka usimame mbele za watu, uulizwe, ukose jibu, nami nimekaa mstari wa mbele nakutazama. Nitafurahi. Mungu anisamehe, lakini nitafurahi sana.

Wakati mwingine namsuka Saumu nywele, vidole vyangu vinafuata namna ulivyokuwa ukinisuka wewe, machozi yanataka kunitoka. Halafu anainua mkono kujikuna, naliona lile kovu, yanakauka.

Kila asubuhi anasimama mlangoni kuwatazama wenziwe wakipita. Mwalimu mkuu kasema kwenye daftari lake Saumu kahama, bila ile barua hawezi kumrudisha. Kwa hiyo, dada, kwa heri ya kuonana siku ya shauri, ila kabla ya siku hiyo mpe mtu wa basi la Tanga vitu hivi: barua ya uhamisho, ile yenye muhuri, hata kama imechanika. Kadi ya kliniki. Madaftari yake mawili, kama hukuyafungia bidhaa. Na viatu vyeusi vya shule, vipya, si vya mtumba. Usipimie vile alivyokuja navyo kwako. Mguu umekua akiwa kwako, na hukuangalia.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Saumu