Alichosema Sindre Kule Juu

Lyngen, 9 Machi

Mama Torbjørg,

Shikamoo. Mbwa wa Sindre yuko kwangu, ameanza kula. Ule ubao wake wa kutelezea kwenye theluji umepatikana, nusu moja tu.

Pale kanisani, siku ya mazishi, ulinishukuru kwa kumfukua mwanao kwenye theluji, nami nikazipokea shukrani zako.

Jumamosi ile tulifika juu mlimani saa sita. Sindre alichimba, akaikagua theluji, akasema, "Halvard, hii haijashikana. Turudi tukanywe kahawa kwa mama."

Nikamcheka. "Umeshazeeka? Haya, rudi. Mimi nashuka."

Hakukubali kuniacha. "Basi nitangulie mimi," akasema, "wewe mzito, utaibomoa yote."

Alikata kona tatu tu, theluji ya mteremko mzima ikaporomoka naye. Nilimfikia baada ya dakika arobaini.

Polisi niliwaambia yeye ndiye aliyeng'ang'ania kushuka. Gazeti likaandika hivyo, na sasa watu wanamwita mzembe. Hakuwa mzembe, mama. Leo asubuhi nimekwenda kuyabadili maelezo yangu. Siombi unisamehe. Nimetaka ulisikie jambo hili kwangu kabla hujalisoma gazetini.

Ni mimi, niliyekula mezani pako tangu utotoni,
Halvard