Kaka, Gari Limenyamaza

Kaka yangu,

Mama anasema nikupigie tu, barua ni kujitafutia kazi. Lakini unanijua mimi kwenye simu. Nasema "ndiyo," nasema "poa," halafu salio linaisha bure. Hapa Butiama tu wazima. Mama anaendelea na dagaa wake sokoni, na mimi tangu nimalize kidato cha nne nipo tu, nasubiri matokeo.

Nina wivu, kaka. Nimetafuta neno lenye adabu kidogo, sikulipata.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Tulikuwa tunaondoka asubuhi kwenda Musoma, Mwigobero, kumchukulia mama dagaa. Ukishapakia magunia ulikuwa unashusha gari hadi majini, magurudumu ya mbele yanazama nusu, kama wanavyofanya madereva wengine pale, tunaliosha kwa maji ya ziwa na kipande cha godoro. Halafu tunaondoka tunang'aa, na kwenye tuta la kwanza tu pale Mukendo, chini linaanza: kwii, kwii. Watu wanageuka. Kuna yule mama muuza ndizi alikuwa anakusubiri kabisa. "We kijana, leo tena umebeba nguruwe? Si uwashushe wapumzike!" Wewe ulicheka mpaka ukakosea gia. Mimi nilijifunika uso kwa mtandio.

Tukifika nyumbani tulikuwa tunaingia chini ya gari wote wawili, tumelalia gunia moja. Wewe ndiye uliyenionyesha kile chuma kirefu kinachotoka upande wa gurudumu la kulia kwenda la kushoto, kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Stabilaiza. Na zile raba mbili nene zinazokishikilia, bushi. Ulisema mlio unatoka pale. Ulichovya mswaki wa zamani kwenye oili chafu ya injini, ukapaka, nikakumulikia. "Shika hapa, usiachie." Mlio ulinyamaza siku chache, ukarudi, na Jumamosi tukapaka tena. Kila Jumamosi tulipaka tena, na mimi sikuwahi kuomba upone.

Sijui kama uliliona hili: mimi nilikuwa naongea kule chini tu. Darasani nilijua jibu na mkono haukunyanyuka. Mezani mama alikuwa ananiuliza swali mpaka anachoka. Lakini chini ya gari hakuna anayekutazama usoni, wote mnatazama vyuma. Kule ndiko nilikokwambia kwamba hesabu zinanitisha. Na kule ndiko nilikokwambia kwamba baba, tangu tumzike, nimeanza kuisahau sauti yake. Hukunigeukia. Ulisema, "Alikuwa na sauti kama yangu nikiwa na mafua," ukaendelea kupaka. Nililia bila wewe kujua, au ulijua ukaniacha.

Kisha ukaoa, ukahamia Bunda, kule Kabasa, kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka la spea la wifi. Siku ya harusi nilicheza, muulize mama.

Ile mara ya kwanza mlipokuja wote kutusalimia, niliwasikia kabla sijawaona. Kwii, kwii, kwenye kona ya kanisa. Nilikimbia kutoa gunia, nikalitandika kabisa, nikatafuta na ule mswaki. Wewe ukashuka, ukamsalimia mama. Wifi akashuka, akaona gunia, akacheka.

"Kumbe mnaingiaga na chini? Mnapakaga nini huko?"

"Oili," ukamjibu.

"Oili gani?"

"Si hii tu tunayomwaga ya injini."

"Jamani, mume wangu! Oili inakulaga raba. Ngoja." Akapiga magoti na gauni lake la kitenge, akaingiza mkono, akautoa mweusi. "Ona, bushi zimevimba kama maandazi. Na huu mchanga ni wa wapi?"

"Wa Mwigobero," mama akasema, naye anacheka. "Wanaliogeshaga ziwani hawa."

"Basi mnalilisha mchanga, halafu mnaliozesha raba. Lingeachaje kulia?"

Halafu akafungua mkoba wake, ule wa kanisani, akatoa bushi mpya mbili na kichupa cha grisi ya silikoni. Alikuwa nazo humo pamoja na poda yake. Mtu anakuja kumwona mama mkwe amebeba bushi! Akalala kwenye gunia langu. Wewe ukalala pembeni yake. Mkafungua nati, mkasugua kile chuma kwa msasa mpaka mchanga na kutu vikaisha, mkapaka ile grisi ambayo haili raba, mkafunga. Mimi nilisimama na trei ya chai, natazama miguu yenu minne. Nikakusikia unamwambia, "Shika hapa, usiachie."

Mama akaninong'oneza, "Wifi yako mwanamke wa kazi." Nikasema, "Ndiyo." Chai ikapoa mikononi mwangu.

Kesho yake kanisani nilimwomba Mungu mlio urudi. Ibada nzima, kaka. Haukurudi. Siku hizi unaingia hapa nyumbani kimya, na mimi nakukuta tayari umekaa sebuleni, umezungukwa, na sina la kusema mbele za watu.

Wiki iliyopita wifi alinipigia. "Njoo Kabasa ukae na sisi mpaka matokeo yatoke. Dukani nataka mtu mwenye akili, na kaka yako anasemaga wewe chini ya gari unapajua kuliko wavulana." Nikasema, "Poa." Akaniuliza, "Poa unakuja, au poa umesikia?" Nikasingizia mtandao, nikakata.

Si kwamba amenikosea. Bushi amezifunga vizuri, siwezi kutetea oili chafu. Lakini tangu siku ile nawaza, ukikaa naye jioni unamweleza mangapi ya kwetu? Amejuaje ninayoyajua chini ya gari? Umemwambia na ile ya sauti ya baba? Kama umeshamwambia, niambie, nitanuna nitanyamaza. Kama bado, nakuomba usimwambie. Ana duka, ana nyumba, ana wewe. Hilo moja liache liwe la kwangu na wewe.

Kuhusu kuja, nataka kuja. Nimeshafua hata nguo, mama ananitazama anaguna. Ila sitaki kuja kwa sababu duka linahitaji mtu. Wifi ameniita vizuri, mshukuru, lakini yeye anaita msaidizi. Wewe hujaniita. Njoo unifuate mwenyewe, siku moja tu bila yeye, usimame pale uani uniambie umenikumbuka. Ukilisema hilo nitapanda gari siku hiyohiyo, na duka lake nitalifagia bila kuambiwa.

Usipolisema, mwambie wifi kwamba poa yangu ilikuwa ya kusikia.

Ni mimi mdogo wako, na huna mwingine.