Mayai ya Suzi

Jumatatu, 4 Novemba 2013
Nimesafisha sanduku ya vioo. Nimemupa Suzi majani na panzi. Hataki. Suzi ni mjusi wa Madamu, mrefu kama mkono wangu, miiba ku shingo kama ndevu. Madamu iko likizo Ulaya. Mi njo nabaki na nyumba hapa Lilongwe, na mjusi. Anachimba mchanga mchana kutwa, kucha zinakwaruza vioo. Nachukia hiyo kelele.
Yaya Faida, dada yangu mkubwa, amepiga simu toka Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi. Basi yabo ya kwenda ku ndege ni Ijumaa asubuhi. Kanada. Yeye, bwana yake, batoto. Tulingoja pamoja miaka yote. Jina yangu haikutoka ku orodha. Alhamisi nitaenda, tulale nyumba moja mara ya mwisho.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemwambia Madamu ku simu juu ya kuchimba. "Ana mayai!" Alifurahi kama bibi anayengoja mjukuu. Nimuwekee beseni ya mchanga wenye maji kidogo. Mayai yakikwama, atakufa. Nisitoke mpaka atage. Nikamweleza juu ya Yaya.
"Dada yako ataelewa. Suzi hana mutu mwingine."
Nikasema ndiyo, Madamu. Nimechukia mdomo wangu.

Jumatano, 6 Novemba
Bado. Anachimba, anaacha, ananitazama.
Daktari wa wanyama amefika na gari. Madamu njo alimwita, toka kule kule. Alimupapasa tumbo polepole, akamudondoshea dawa mdomoni. Yaya alizaa mtoto wake wa pili porini, tukikimbia. Mi tu njo nilimushika mugongo.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemwomba Phiri, mwenye kutunza bustani, abaki na Suzi usiku moja tu. Karibu nipige magoti. "Ine toto!" Hataki kabisa. Kwake hiyo ni mnyama ya bachawi. Hata mulangoni hafiki.
Ningeweza kwenda tu. Lakini kazi hii, bila kibali ya serikali, nani atanipa ingine?
Yaya amepiga simu tena na tena. Sikushika.

Ijumaa, 8 Novemba
Ametaga asubuhi. Mayai meupe, laini, yamejaa beseni. Yeye amelala juu ya mchanga, tumbo imelegea. Nimemupa maji na kijiko. Kisha nimekimbia. Minibasi ya Dowa, halafu kabaza mpaka ndani ya kambi. Kijana wa baiskeli alikanyaga mpaka shati ikalowa.
Batu balikuwa banarudi toka kusindikiza. Bengine bangali banalia.
Ku nyumba ya Yaya, watu wengine banaingiza magodoro. Mama mmoja akaniuliza natafuta nani.
Nikasema hakuna.

Jumamosi, 9 Novemba
Madamu amesema nitupe mayai. Suzi hajawahi kuona dume. Hayana kitu ndani.
Alijua toka mwanzo.
Nimeyafukia nyuma ya jikoni. Nimetukana kwa Mashi, lugha ya nyumbani, kwa sauti. Phiri ameacha kumwagilia, ameondoka.

Jumapili, 17 Novemba
Yaya amepiga simu toka Kanada. Baridi, anasema. Batoto banacheka moshi ya midomo yabo.
Kisha: "Nilikutafuta ku dirisha mpaka basi ikatoka."
Nikamwambia malaria ilinilaza.
"Pole, mudogo yangu. Ngoja tukuombee."
Ameita batoto. Bameomba mmoja mmoja, hata yule mdogo, Mungu aniponye. Mi nimeshika simu. Nasema amina.