Kitambaa Nilichomficha Wakili

Chumba cha tatu, nyuma ya karakana ya viti
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaweza kuketi bila kuwekewa mto mgongoni. Wifi hajambo? Na watoto, wanakuhurumia au wanakupanda mgongo huohuo? Sisi huku wazima. Mama magoti humsumbua asubuhi. Ikifika mchana huyasahau akaanza kutusumbua sisi. Mkono wangu umepona kwa kadiri yake. Vidole viwili havikunjiki, lakini kalamu naishika, ingawa mwandiko ni kama kuku amepita.

Uliniuliza mtu aliyeumia kazini atarajie nini akitafuta wakili. Nimekaa na swali lako wiki mbili. Si uvivu, kaka. Ni aibu.

Nianze na yaliyo mepesi. Wakili wangu ni mama mmoja mpole, ofisi yake ina kiti kibovu ambacho kila mteja hukigundua kwa kukikalia. Siku ya kwanza atakuuliza tarehe, saa, nani alikuwepo, ulitibiwa wapi. Mpelekee kila karatasi ya hospitali, hata ile unayoona haina maana. Malipo yake yaandikwe kabla hujatia sahihi. Wangu hakudai kitu mwanzoni, alikubali kuchukua fungu endapo tutalipwa. Atakutuma kwa daktari mwingine akupime upya. Kisha utangoja. Miezi itapita kimya na utadhani amekusahau. Hajakusahau.

Sasa yale mazito.

Unakumbuka niliwaandikia kwamba mashine ya kunyooshea mashuka pale kiwanda cha kufulia iliniminya mkono kwa sababu fito ya usalama ilikuwa mbovu, na fundi hakuitengeneza. Nilidanganya. Fito ile hukaa mbele ya rola, lile bomba nene la moto linalovuta mashuka, na ukiigusa tu mashine inasimama. Ilikuwa inasimama mara kwa mara, mashuka yanarundikana, msimamizi ananung'unika. Nikaifunga kwa kipande cha shuka ili isicheze. Wengi tulifanya hivyo. Siku ile nilinyoosha mkono kukunjua pindo, rola ikanivuta.

Mwenzangu alizima umeme, akanitoa, akakimbilia maji. Alipokuwa amenipa mgongo, nilikifungua kitambaa kwa mkono mzima nikakitia mfukoni. Mkono unaungua, kaka, na bado akili ilipata nafasi ya kuficha.

Wakili aliniuliza waziwazi kama kuna jambo ambalo upande wa pili wanaweza kulijua na yeye halijui. Akanieleza kwamba nitakayomwambia hayatoki mle ofisini bila ruhusa yangu. Nikamtazama usoni nikasema hakuna. Akaandika barua kwa waajiri. Wao wakatafuta wa kumbebesha lawama, wakamfukuza fundi, yule tuliyekuwa tukimwita Spana. Niliposikia, nilijiambia fundi hakosi kazi. Mama akawa anamsema vibaya kwa majirani, nami nakaa pembeni namenya viazi.

Mwezi wa nane wa kungoja, nilikutana naye kwenye ngazi za jengo la wakili. Alikuwa anatengeneza bawaba za mlango, kibarua cha siku moja. Nilitaka kurudi nyuma, lakini alikwisha kuniona. Akafuta mikono, akaniuliza kuhusu vidole vyangu, akaomba avione. Kisha akasema polepole:

"Dada, nimeifikiria ile fito mpaka nimechoka. Sijui ni nati gani sikuikaza. Nisamehe."

Kaka, mtu niliyemnyang'anya kazi ananiomba mimi msamaha.

Nilipanda juu nikamweleza wakili kila kitu. Aliweka kalamu chini. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema hawezi kupeleka mahakamani maneno anayojua si kweli, kwa hiyo nikubali kuandika maelezo mapya au nitafute wakili mwingine nikamdanganye na yeye. Nikaandika upya. Ndipo akauliza kama msimamizi alijua habari za vitambaa. Alijua, alikuwa akitupitia kila siku wala hakutukataza. Kumbe kesi haikufa, ilipungua tu. Waajiri walikubali kunilipa nusu ya tulichodai, bila kufika mbele ya hakimu. Ningesema kweli siku ya kwanza, wakili anasema, huenda tungefika hapohapo mapema zaidi, na hakuna mtu ambaye angefukuzwa.

Kwa Spana nilikwenda mwenyewe. Mkewe alinikaribisha chai, nikaiacha ipoe. Nilipomaliza kusema, Spana aliuliza neno moja tu.

"Kwa hiyo nati zilikuwa zimekaza?"

"Zote," nikamjibu.

Akafunika uso kwa mikono, akakaa hivyo. Kisha akaniambia niende nyumbani. Kiwanda kimemwita arudi, amekataa. Tukipishana njiani ananisalimu, lakini hasimami. Sina haki ya kumdai zaidi ya hapo. Mama naye nimemwambia. Siku tatu alinipa chakula bila kunisemesha.

Uliandika kwamba ngazi uliyoanguka nayo kazini iliteleza yenyewe na wewe hukuwa na kosa lolote. Mimi sikuulizi, kaka. Ila wakili wako atakuuliza, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Usiharakishe kumjibu.

Nisalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Binamu yetu mshonaji anakusalimu, na Mama anakuombea mgongo. Mungu akupe uzima, na akupe wepesi wa kusema lililo kweli.

Ni mimi nikupendaye, hata kama sasa unanijua zaidi,

Mdogo wako wa kike.