Kaka Ouma, Niliongea na Mtu

Kaka Ouma,

Nakuandikia kwa Kiswahili, wewe ambaye tangu utotoni tuliongea nawe Dholuo tu, hata tukigombana. Nivumilie. Kwa Dholuo kila neno lina sauti yako, na nikianza hivyo sitafika mwisho wa ukurasa.

Nyumbani wote ni wazima. Mama analalamika kuhusu goti lake na bado anakataa kupumzika. Mama Akoth, mkeo, amerudi kuuza nguo sokoni Oyugis. Mimi ndiye niliyeanguka.

Ile asubuhi uliketi kwenye benchi, pale kwenye karakana yetu mjini Rodi, ukasema, "Owino, hebu nipe maji, nimechoka kidogo." Nilipogeuka na kikombe ulikuwa umeshaenda. Daktari alisema ni moyo. Baada ya mazishi nilishindwa kuwasha mashine ya kuchomelea. Nikikaribia tu mlango, nageuka narudi nyumbani. Wateja walipiga simu kuulizia mageti yao, mwishowe nikaizima. Na mimi nilikuwa nimesema kaburini, mbele ya watu wote, kwamba karakana ya Ouma haitafungwa.

Mke wangu Achieng ndiye aliyeamua. "Baba Felix, huu si uchovu," alisema. "Kuna mama pale kituo cha afya, anaongea na watu waliofiwa. Twende." Nilikasirika. Nilidhani ananiona mwendawazimu. Lakini nilikwenda.

Mshauri mwenyewe anaitwa Bi Boke, Mkuria kutoka upande wa Migori. Nilitarajia dawa, au mahubiri. Nilikuta viti viwili vya plastiki na dirisha wazi. Siku ya kwanza aliniambia bila kuzunguka, "Tutakutana mara chache, sita hivi. Huzuni sitakuondolea, na sitakuambia uishi vipi. Tuchague jambo moja tulifanyie kazi. Unataka uweze kufanya nini?"

Nikasema, kufungua mlango.

Basi. Kazi yote ikawa mlango. Kwanza alinituma nisimame ng'ambo ya barabara, niutazame, nivute pumzi, nirudi nyumbani. Wiki iliyofuata nikashika kufuli. Kuna siku nilitoka kwake nikiwa na hali mbaya kuliko nilivyoingia, na alikuwa ameshanionya kwamba siku kama hizo zitakuja. Siku niliyoingia ndani nilikaa pale ulipokaa wewe, kaka, nikalia mpaka jirani yetu wa kushona viatu akaja akakaa kando yangu. Nilipomaliza, akarudi kwa viatu vyake.

Mikutano ilipoisha sikufurahi. Nilimwuliza Bi Boke, "Sasa unaniacha?" Akasema, "Ulitaka kufungua mlango, umeufungua. Ukizidiwa tena, unajua nilipo." Ndipo nikamwambia lile lililobaki: mlango umefunguka, lakini sitaki kazi iliyo ndani. Akasema hilo linahitaji mtu mwingine. Akanielekeza kwa Mwalimu Okello, mstaafu aliyefundisha ufundi miaka mingi, ambaye huketi na mafundi wasiojua waelekee wapi.

Nilidhani atanitafutia kazi. Wapi. Aliniuliza tu, "Ni kazi gani inakusahaulisha chakula cha mchana?" Nilifikiri sana. Kuchora mageti ilikuwa kazi yako. Kuongea na wateja mpaka wacheke, ilikuwa yako pia. Mimi nilisahau kula nikiwa nafundisha mwanafunzi kutuliza mkono wake. Hukuwahi kuniambia kuwa hiyo ndiyo yangu, nami sikuwahi kujiuliza. Mwalimu akanipeleka chuo kimoja cha ufundi Oyugis, nikakaa nyuma ya darasa kutazama. Baadaye nikafundisha mimi, naye akakaa nyuma. Nilipomaliza alisema, "Muda wote umeongea na chuma. Kesho ongea na watu." Alinirudisha mbele ya wanafunzi mpaka nikaweza.

Sasa chuo kinataka niwe mwalimu msaidizi. Kabla sijajibu nilikwenda kwa Mama Akoth, maana maneno ya kaburini yalikuwa yananikaba. Alikuwa anakunja nguo zake za biashara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, ile kazi ilikuwa furaha yake. Wewe uliipenda kwa sababu mlikuwa pamoja. Nani anakulaumu?" Karakana tumewaachia Tom na Brian, wale vijana uliowafundisha mwenyewe, na Mama Akoth anapata sehemu yake ya mapato. Mageti bado yanatoka pale. Michoro ni yako.

Huzuni haijaisha, nisikudanganye. Kuna asubuhi nageuka kukuambia jambo. Nasimama kidogo, halafu naendelea.

Jumamosi hii ni siku ya wazazi shuleni kwa binti yako Akoth, kule Asumbi. Safari iliyopita nilikwenda mimi. Aliniuliza, "Baba mdogo, Baba alisema nini mwisho?" Nikamnunulia soda, nikaanza kuongea habari ya mvua. Naye akanywa.

Nitakwenda tena. Nitatandika leso ya kujifunga kwenye nyasi, tukae. Nakuahidi hili moja, kaka: akiniuliza, nitamjibu.

Pumzika. Ni mimi, mdogo wako,

Owino