Leo Uvira inaonekana, na bustani ya Mama Nabintu ni tupu

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakata saa nne, na hewa imebaki safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Siku kama hizi ndizo zinaniua. Vumbi likitanda, ng'ambo ya ziwa kunakuwa moshi tu, na mtu anaweza kujidanganya kwamba kwetu ni mbali. Leo Uvira, mji wetu, iko pale. Naona milima, naona mabati yanametameta chini yake, na kwa macho haya yaliyofika Kigoma, Mpulungu na Nairobi (siku mbili, moja nikiwa kitandani na malaria), naapa nimeliona bati la nyumba yangu ya mtaa wa Kilibula. Mke wangu Riziki anasema haiwezekani. Riziki hajui kuangalia.

Hapa kambini, upande wa Burundi, wananiita Minisitiri, yaani waziri. Si kwa ajili ya shule. Shule nilisoma mpaka walimu wakagoma, nami nikagoma, wao wakarudi. Ni kwa sababu kabla ya vita nilikuwa navusha mafuta ya mawese na vitenge mpakani, kila afisa ananijua kwa jina, basi jambo lolote la dunia likizuka watu wanakuja kuniuliza. Na sijawahi kumwambia mtu kwamba sijui.

Hiyo ndiyo dhambi ninayoiandika leo.

Siku nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya nchi za mashariki nilichinja kuku wawili. Niliwaambia majirani kwamba sasa tuna bahari, mpaka Mombasa kule ni kwetu, na kwamba mpaka utakuwa kama kizingiti cha mlango: unaruka na kikombe chako cha chai mkononi. Kweli, nikaja kuuruka. Niliuruka na godoro kichwani, watoto mbele, risasi nyuma, na siku hiyo hakuna aliyeniuliza karte.

Jumatatu alikuja dada mmoja wa chuo kikuu, mpole, na karatasi zake. Anaandika kitabu cha kumalizia masomo: wakimbizi wa vita wanaonaje nchi yao kuwa ndani ya Jumuiya. Alieleza vizuri sana. Tatizo ni swali lake la kwanza: unatoka kijiji gani? Sisi karatasi inayouliza kijiji tunaijua. Ni ya kurudishwa nyumbani. Kila mtu akatoa karte yake ya kura, ile ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ndiyo baba, ndiyo mama. Halafu wakanigeukia.

Badala ya kunyamaza nikajaza kifua. Nikawaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya serikali: hii Jumuiya ndiyo itatusindikiza mpaka nyumbani, atakayesema ndiyo, jina lake linatangulia kwenye orodha ya kurudi.

Wote wakasema ndiyo. Vijana wangesema ndiyo hata bila mimi, wanaota pasipoti na kazi Nairobi. Wanaume wa Lemera nao wakasema ndiyo, wale ambao juzi tu walinibishia kwamba huo ni umoja wa wenye malori. Na Mama Nabintu.

Mama Nabintu ni jirani yetu wa hema, mama wa Luberizi aliyekuwa na shamba la mpunga na mwana mmoja, Janvier. Waliomuua Janvier, anasema, walitoka nchi jirani iliyo ndani ya Jumuiya hiyo hiyo. Tangu nimjue hajalisikia neno Jumuiya bila kutema mate pembeni. Jumatatu alisema ndiyo. Nilimwona. Alisema akiangalia chini.

Sikufikiria zaidi, mpaka leo mvua ilipokata nikapita nyuma ya hema lake.

Lengalenga za bustani yake, mchicha wetu ule, zote zimeng'olewa, hata zile changa za urefu wa kidole. Kwetu anayehama haachi mboga ardhini. Anawagawia wanaobaki, ili wamkumbuke kwa mdomo mzuri. Hapo nikakumbuka kwamba jana Riziki alipika lengalenga, na mimi nilikula sahani mbili bila kuuliza zimetoka wapi.

Nilimkuta Mama Nabintu amekaa juu ya mzigo uliofungwa. Nimedanganya askari wa mipaka mitatu bila kutoka jasho. Leo nilitoka jasho. Nikamwambia hakuna orodha, ni kazi ya shule tu, nami nilijitia kujua.

Hakulia. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Aliuliza tu:

"Basi minye nilimukana mutoto wangu bure?"

Mimi ambaye nina utani wa kila kitu nikatafuta simu mfukoni.

Nikampigia yule dada, maana aliniachia namba, watu wakubwa huachiwa namba. Akakubali kubadilisha jibu. Mama Nabintu akaishika simu kwa mikono miwili.

"Binti yangu, andika hivi. Jirani aliyevunja mlango wangu asiniite kula kwake. Atengeneze mlango kwanza. Na uandike nataka kurudi Luberizi. Hiyo sikuambiwa na mutu."

Dada akaniuliza kama nami nabadilisha. Nikasema hapana. Naona haya kuandika, lakini bado naitaka ile Jumuiya. Naukumbuka mpaka wetu asubuhi: wamama na beseni zao za dagaa tunaowaita ndagala, Kirundi, Kifuliiru na Kifaransa changu kibovu vikigongana, na jioni kila mtu analala kwake. Kwake. Nani aliwahi kuniambia kwamba neno hilo lina uzito hivi?

Nikachukua jembe. Nikamwahidi kuijaza bustani yake kabla ya Jumapili, lengalenga katikati na muhogo pembeni. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekosa hesabu.

"Weye panda lengalenga tu, Minisitiri. Muhogo hapana. Muhogo iko ya mutu anayekaa."

Nikacheka, nikasema sawa, mama. Lengalenga ni wiki chache tu unakula. Muhogo ni mwaka.

Sasa jua linashuka nyuma ya milima ya Uvira. Kila jioni linaenda kulala kwetu, nalo halina karte.

Sikumwambia kwamba nyuma ya hema langu kuna mashina sita ya muhogo. Niliyapanda mwenyewe, bila hata Riziki kujua, na yamenifika magotini.

Kesho asubuhi nitayang'oa. Nitaweza?